Mwacheni Frank Castle Afe

Kila ninapozungumzia Punisher na wasomaji wenzangu wa komiki, tunafika mahali tunagombana. Nikitaja hadithi zake ninazoziona bora, jibu ni lile lile: "Ah, hizo hazihesabiki bwana. Hizo ni za dunia mbadala." Yaani yaliyotokea humo ni mchezo tu. Mwandishi kajifurahisha, msomaji kashangaa, basi. Ukifunga kitabu unarudi kwenye dunia kuu ya Marvel, ile yenye namba 616, ambako Frank Castle yu hai, bunduki anayo, na mwezi ujao anaendelea na kazi.

Nimechoka kubishana vijiweni, leo nabisha kwa maandishi. Nasema hivi: kama kuna Frank Castle wa kweli, yuko kwenye hizo dunia mbadala. Huyu wa dunia kuu ndiye wa bandia. Na hii tabia yetu ya kusema "hazihesabiki" inamsaidia mchapishaji kukwepa swali ambalo waandishi wake wenyewe wameshalijibu, tena zaidi ya mara moja.

Kwa ambaye hajakutana naye: Punisher, yaani Mwadhibu, alitokea mara ya kwanza Februari 1974 katika toleo la 129 la The Amazing Spider-Man. Mwandishi alikuwa Gerry Conway, mchoraji Ross Andru, na lile vazi jeusi lenye fuvu jeupe kifuani lilisanifiwa na John Romita Sr. Baadaye tukapewa historia yake. Ni mwanajeshi aliyepigana Vietnam, akarudi New York, akatoka siku moja na mke wake Maria na watoto wao wawili kwenda bustani ya Central Park, na huko familia ikamalizwa kwa risasi za majambazi. Yeye akapona. Tangu hapo anaua wahalifu. Hampeleki mtu polisi, hasubiri hakimu. Kwa Kiswahili chetu cha magazeti, anajichukulia sheria mkononi.

Kuna jambo watu husahau kuhusu toleo lile la 129. Castle anaingia kwenye hadithi akimwinda Spider-Man, kwa sababu mtu anayeitwa Jackal amemwaminisha kwamba Spider-Man ndiye aliyemuua Norman Osborn. Si kweli. Kwa hiyo siku yake ya kwanza kabisa kazini, Mwadhibu alimlenga asiye na hatia, kwa kutegemea maneno ya mwongo. Spider-Man alipona kwa kuwa kitabu kilikuwa chake. Angekuwa mpita njia tu, tungebaki na maiti ya mtu asiye na kosa, na muuaji anayelala usingizi bila wasiwasi.

Miaka ya 1980 Castle akapata vitabu vyake mwenyewe, na tatizo hilo likayeyuka. Ukishakuwa mhusika mkuu, mwandishi anakuletea watu ambao tayari wana hatia. Ukurasa wa tatu tunamwona jambazi akimtesa mtoto. Ukurasa wa kumi na tano Castle anamlipua, sisi tunashusha pumzi. Hatuulizi alijuaje, maana tulishaona kwa macho yetu. Mwandishi ndiye shahidi, ndiye mwendesha mashtaka, ndiye hakimu. Castle kazi yake ni kufyatua risasi tu.

Watu wanacheka wakisikia kuna Castle mwenye kichwa kinachowaka moto anayeendesha pikipiki angani. Wanasema hiyo imezidi. Mimi naona kilichozidi ni hiki: mtu anayeua kwa miongo mitano, bila uchunguzi wowote wa maana, na karibu kila mara anampata aliyekusudiwa. Hiyo ndiyo nguvu yake ya ajabu, na hakuna anayeishangaa.

Mimi ni mwandishi wa habari. Neno nililofokewa sana nilipoingia chumba cha habari ni "mtuhumiwa". Usiandike mwizi, andika mtuhumiwa wa wizi, mpaka mahakama iseme. Na kuna maneno mengine manne ambayo kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili anayajua: wananchi wenye hasira kali. Ukiyaona hayo kwenye habari ujue kuna mtu amepigwa mpaka akafa, pengine akachomwa kwa tairi, na mara nyingi habari inaishia hapo. Hakuna anayerudi kesho yake kuuliza kama kweli ile simu aliiba yeye. Nimeandika habari za namna hiyo, na mimi pia sikurudi kuuliza. Ndiyo maana Castle wa dunia kuu siwezi kumsoma tena kwa raha ile ya zamani. Kwenye vitabu vyake wahalifu wamejaa, ila mtuhumiwa hayumo.

Sasa twende kwenye hizo dunia "zisizohesabika", tuone zimesema nini.

Tuanze na mwaka 1995, kitabu The Punisher Kills the Marvel Universe, cha mwandishi Garth Ennis na mchoraji Doug Braithwaite. Humu Castle ni polisi wa New York. Familia yake haikuuawa na majambazi. Ilikufa katikati ya vita vya mashujaa na viumbe kutoka anga za mbali. Mashujaa walikuwa wanaokoa dunia, hawakuangalia wanakanyaga wapi. Castle anageuza bunduki na kuanza kuwaua hao mashujaa. Tajiri mmoja anayeongoza kundi la watu walioachiwa makovu na ulemavu na vita kama hivyo anamfadhili aendelee mpaka mwisho. Wanaanguka mmoja baada ya mwingine, wema kwa waovu, mpaka anabaki Daredevil. Naye anauawa. Barakoa ikitoka, ni Matt Murdock, wakili wa Castle na rafiki yake. Castle anajigeuzia bunduki.

Wengi wanakisoma kitabu hiki kama kichekesho cha kikatili, na kweli Ennis anapenda kuwadhihaki mashujaa. Lakini angalia amebadilisha nini. Hasira ya Castle ni ile ile. Mantiki yake ni ile ile: aliyeua familia yangu afe, na wote wanaofanana naye wafe. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa kwenye orodha. Ukiweka Captain America mahali palipokuwa na jambazi, mashine inasaga vilevile, wala haikwami. Kumbe haikuwahi kuwa na kifaa cha kupima nani ni nani. Na mwisho wa orodha yuko rafiki yako, kisha wewe mwenyewe.

Miaka tisa baadaye, 2004, Ennis akarudi na Punisher: The End, safari hii na mchoraji Richard Corben. Vita vya nyuklia vimemaliza dunia. Castle, sasa mzee, alikuwa gerezani Sing Sing. Anatoka na mfungwa mmoja, wanatembea kwenye majivu na mionzi mpaka New York. Chini ya ardhi wamejificha wakubwa waliohusika na maangamizi hayo. Wanamwambia tusikilize kwanza, tuna viinitete vimehifadhiwa hapa, binadamu anaweza kuanza upya. Castle anawaua wote. Yule mwenzake wa safari naye anamuua, kwa kuwa aliwahi kuua. Halafu anapanda juu, anatembea peke yake kwenye jiji linaloungua, kuelekea pale familia yake ilipofia.

Tunasema siku za mwizi ni arobaini. Castle wa The End ameishi mpaka arobaini ya kila mwizi duniani. Hakuna aliyeponyoka. Na hakuna aliyebaki wa kutembea usiku kwa amani, maana hakuna usiku, hakuna mtaa, hakuna mtu. Sijasoma hoja nzito zaidi ya hii dhidi ya Punisher, na imeandikwa na mtu ambaye hakuna aliyemwandika Castle vizuri kumshinda. Ila haihesabiki, siyo?

Mtetezi wa Castle hapa atasema: sawa, lakini msahau mambo ya nyuklia, huyu ni baba aliyefiwa. Uchungu wa mtoto unaujua wewe? Hoja hiyo nayo imeshajibiwa, katika vitabu vya chapa ya MAX, ambavyo vina dunia yao na vimeandikwa kwa ajili ya watu wazima. Born, ya 2003, ya Ennis na Darick Robertson, inaturudisha Vietnam mwaka 1971, kabla ya Central Park. Kambi inakaribia kuzidiwa na adui. Humo tunamkuta mtu ambaye tayari vita imemwingia damuni, na sauti inayomnong'oneza kwamba anaweza kupewa vita isiyokwisha, kwa bei atakayoijua baadaye. Kisha Jason Aaron na mchoraji Steve Dillon, katika PunisherMAX iliyotoka kati ya 2010 na 2012, wakaongeza kipande kilichokuwa kimefichwa: pale bustanini, muda mfupi kabla ya risasi, Castle alimwambia Maria kwamba anataka talaka.

Isome tena hiyo. Miaka yote tumekuwa tukimpa pole mgane ambaye moyoni alikuwa ameshaondoka. Sisemi hakuwapenda watoto wake. Nasema vita alikuja nayo kutoka Vietnam, na makaburi matatu yakampa ruhusa ambayo hakuna mwenye adabu angeweza kuihoji. Nani atamwuliza mfiwa maswali msibani?

Na huyo mwenye kichwa cha moto? Cosmic Ghost Rider, mfululizo wa 2018 wa Donny Cates na Dylan Burnett. Castle huyu alikufa Thanos alipoivamia dunia, akaiuza roho yake kwa Mephisto ili alipize kisasi, akazunguka peke yake karne kwa karne mpaka akili ikamruka. Anapata nafasi ya kurudi nyuma na kumuua Thanos akiwa mtoto mchanga. Anafika kwenye kitanda, anashindwa. Basi anamchukua mtoto, anaamua kumlea yeye mwenyewe ili awe mwema. Ni kitabu cha vichekesho, kimejaa upuuzi, na katikati ya upuuzi huo anakutana na mtoto huyo alivyokuja kuwa: Thanos mtu mzima mwenye fuvu la Punisher kifuani, anayetisha kuliko yule wa mwanzo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Castle alikuwa na ulimwengu mzima wa kumfundisha, akamfundisha kitu pekee anachokijua.

Nikubali upande wa pili. Si kila dunia mbadala ina la kusema. Nyingine ni kubadilisha nguo tu. A Man Named Frank ya 1994 inamvalisha kofia ya kauboi. Punisher Noir ya 2009 inampeleka New York ya miaka ya 1930. Zinasomeka, ukimaliza umemaliza. Punisher 2099, iliyoanza 1993, iko katikati. Mwadhibu humo ni Jake Gallows, askari wa kikosi cha polisi cha kampuni binafsi, katika mji ambao muuaji wa familia yake ana fedha za kumtoa kwenye mkono wa sheria. Swali zuri sana hilo: sheria ikiwa bidhaa dukani, asiye na kitu akimbilie wapi? Kisha kitabu kinajibu kwa kumpa Gallows bunduki kubwa zaidi, swali linafia hapo. Na kuna Castle wa dunia ya Ultimate, aliyetokea 2001: polisi mwadilifu ambaye familia yake iliuawa na polisi wenzake wala rushwa. Mshike huyo kidogo, tunamhitaji sasa hivi.

Maana hapa ndipo mambo yanapotoka kwenye karatasi. Mwanajeshi wa Marekani Chris Kyle alieleza katika kitabu chake cha 2012 jinsi kikosi chao kilivyolichukua fuvu la Punisher Iraq, wakalichora kwenye magari na vifaa vyao. Mwaka 2017 polisi wa mji mdogo wa Catlettsburg, Kentucky, walibandika fuvu hilo kwenye magari ya doria, wakaja kuliondoa baada ya watu kulalamika. Limeonekana kwenye sare, kwenye vibandiko, kwenye fulana za watu wanaoamini kwamba tatizo la nchi ni sheria kuwa na maneno mengi. Conway, aliyemuumba, alisema hadharani mwaka 2019 kwamba askari anayevaa fuvu hilo ni sawa na kupeperusha bendera ya waasi wa Kusini kwenye jengo la serikali. Mwaka 2020 akaanzisha mradi wa fulana, wasanii walibuni upya fuvu hilo ili kuchangisha fedha za Black Lives Matter.

Sasa mrudishe yule wa Ultimate. Polisi anabandika kwenye gari la serikali alama ya mtu ambaye, katika dunia moja, familia yake iliuawa na polisi. Hii isingekuwa siri kama dunia hiyo ingehesabika.

Marvel nao walijaribu kujisafisha. Katika The Punisher toleo la 13 la 2019, polisi wawili wanamwonyesha Castle kibandiko cha fuvu kwa furaha. Anakichana, anawaambia kama wanataka mfano wa kuiga wamtafute Captain America. Mwaka 2022 Aaron alirudi kumwandika, safari hii katika dunia kuu, na fuvu likabadilishwa, likaota pembe. Mwisho wa hadithi hiyo Castle akaondolewa duniani, akatupwa kwenye ulimwengu mwingine kabisa. Baadaye akarudi, kama kawaida. Hata televisheni imefuata njia hiyo: mwaka 2025, katika Daredevil: Born Again, tunaona polisi waovu wenye tatuu za fuvu, na Castle akiwakana.

Mahubiri yote hayo ni mazuri, na hayajafanya kazi. Sababu ninayoiona ni nyepesi. Huwezi kuhubiri ukurasa mmoja kwamba usiwe kama huyu, halafu kurasa ishirini zinazofuata ukaonyesha kwamba njia yake inalipa: anayekufa alistahili, aliyeokolewa anashukuru, na Castle keshokutwa yupo. Yule polisi mwenye kibandiko hakukosea kusoma. Alisoma dunia kuu vizuri sana. Alichokosa ni 1995 na 2004, ambako njia ile ile imefuatwa mpaka mwisho wake. Na vitabu hivyo vimewekwa pembeni, vikapewa lebo ya "ingekuwaje kama", kama vile matokeo ya kuua watu bila kuuliza ni jambo la kubuni, ila kuua na kupatia kila mara ndiyo uhalisia.

Nitaambiwa: ni komiki tu, dada, punguza. Tungekuwa tunaamini hivyo tusingegombana usiku kucha juu ya nini kinahesabika. Nitaambiwa pia kwamba Castle mwenyewe anajijua ni mtu mbaya, hata waandishi wa dunia kuu humwita mgonjwa. Ni kweli, wanamwita. Lakini kumwita mtu mgonjwa ukurasa baada ya ukurasa huku tiba yake inaponya kila mtu aliyemzunguka, hiyo nayo ni sifa, imevaa tu nguo za lawama. Na nitaambiwa akifa biashara imekufa. Hapo ndipo tunapofikia ukweli, kwa sababu hii ndiyo tofauti pekee iliyobaki kati ya dunia kuu na dunia mbadala: kwenye mbadala mwandishi anaruhusiwa kumaliza hadithi. Kwenye kuu haruhusiwi, kuna toleo la mwezi ujao.

Basi ninachodai ni mambo mawili. Kwa wenye mali: mwacheni Frank Castle akosee katika dunia namba 616. Amuue mtu ambaye hakufanya kitu, mtu mwenye jina, mwenye mama anayekwenda kuuliza mochwari, na msije miezi sita baadaye mkasema kumbe alikuwa jasusi au roboti. Halafu mwacheni afe na kosa hilo, na asifufuke. Ennis amewaonyesha jinsi ya kufanya, mara mbili.

Kwa sisi wasomaji: tuache kusema hazihesabiki. Mdogo wangu wa kiume ana fulana ya mtumba yenye fuvu lile, aliinunua kwa sababu imekaa vizuri, hajui hata ni la nani. Juzi akaniuliza aanzie kitabu gani. Watu wengi wangempa kile chenye milipuko mingi na Castle akisimama mwishoni juu ya maiti za wabaya. Nimempa The End. Alikirudisha siku ya pili, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Sasa yule aliyetoka naye gerezani, si alikuwa amemsaidia njia nzima?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa amemsaidia njia nzima.